Mtoto Tuliyemwita Kaimu

Keza, 16 Februari 2020

Kwako Baba Mdogo Idefonsi,

Shikamoo. Pokea salamu za nyumbani. Sisi wazima, isipokuwa magoti ya Bibi, ambayo mwenyewe anasema yanajua mvua kabla ya redio. Na wewe je? Macho bado yanakuuma kwa kutazama kompyuta?

Naandika kwa kuwa simu imenishinda. Hapa nyumbani inashika mtandao wa Burundi, inameza salio kabla sijasema haloo. Nikipanda kilimani ambako mtandao wa kwetu unafika, nakukuta kikaoni. Mara ya mwisho ulininong'oneza tu, "Niandikie." Basi nimeandika. Kiswahili changu ni cha kidato cha pili, utanivumilia. Barua nampa Protasi, yule mkatisha tiketi za basi pale Lusahunga. Anawajua makondakta wanaofikisha vitu vya watu.

Baba Mdogo, nimejifungua. Ni msichana, ana paji la uso la kwetu. Baba yake aliondoka mimba ikiwa changa, na tumekubaliana na Bibi asitajwe humu ndani. Kwa hiyo mtoto ni wa nyumba hii, hana nyumba nyingine.

Desturi yetu unaijua. Mkubwa wa nyumba anakaa kwenye kigoda mlangoni, mtoto anawekwa mapajani pake, analitamka jina. Kisha linapandwa chipukizi la mgomba, na shina lile linakuwa la mtoto huyo maisha yake yote. Siku ya kunipa mimi jina alikaa baba. Angekuwa hai Mzee Juvenali tusingekusumbua, lakini sasa mkubwa aliyebaki ni wewe, mdogo wake. Shimo tumeshalichimba kando ya shina lako. Shina lako bado linazaa, juzi tumekata mkungu tukashindwa kuubeba wawili.

Kliniki wameandika kwenye kadi "Mtoto wa Eustakia". Nesi akasema, haya, mkipata jina mlete. Nimemwambia haitachukua muda.

Ni mimi mwanao,
Eustakia

*

Chuoni, 9 Machi 2020

Mwanangu Eustakia,

Marahaba, na hongera sana. Mwambie mama yangu magoti ayakande kwa maji ya moto, asiyasikilize sana.

Barua yako imenikuta siku ngumu, nikaisoma nimesimama. Unajua mimi sikujaliwa mtoto. Jina moja nimelitunza tangu nikiwa mhadhiri kijana, nikidhani nitamwita wangu. Sasa najua lilikuwa linamngoja nani. Siliandiki hapa, jina halitumwi kwa basi.

Nitakuja Pasaka. Tangu wanipe unaibu wa makamu mkuu wa chuo, upande wa taaluma, siku zangu si zangu, lakini Pasaka ni Pasaka. Unakumbuka baba yako alivyokuwa akiwaambia watu sokoni kwamba nafundisha mashine kufikiri? Ile programu niliyoiandika zamani, inayopanga wanafunzi na masomo yao, bado inafanya kazi. Ila mimi siigusi tena. Wengine wanaigusa, mimi nasaini. Kuna siku napita nje ya maabara nasikia vijana wanabishana juu ya kosa moja kwenye programu, natamani kuingia. Kisha dereva ananiambia, "Profesa, tumechelewa."

Nakuomba jambo moja. Asikae mtu mwingine kwenye kile kigoda. Hata Faustini. Najua ni mtoto wa marehemu kaka yetu, mimi na baba yako, na shamba lake linapakana na letu, lakini huyu ni wangu kumpa jina.

Baba yako mdogo,
Idefonsi

*

Keza, 30 Agosti 2020

Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Tunaamka salama, na tunakuombea na wewe uamke hivyo na ugonjwa huu ulioingia duniani.

Pasaka tulikungoja. Bibi alikuwa ameshatengeneza pombe ya rubisi, ikakaa mpaka ikachacha, tukawapa majirani waliosema ni nzuri kwa adabu tu. Sikulaumu. Redio ilisema vyuo vimefungwa, nami nikasema Baba Mdogo ndiye atakayekuwa anahangaika kuwafundisha watoto wa watu kwa mitandao. Lakini Bibi amenituma niulize kwa heshima: hiyo redio si ilisema tena kwamba Juni vyuo vimefunguliwa?

Mtoto anakaa sasa. Anacheka na kila mtu, hata mbuzi. Lile shimo la mgomba limejaa maji ya mvua na kuku wamelifanya kisima chao. Faustini alipita akauliza, "Eustakia, hiki ni choo au ni kaburi?" Nikamjibu ni kiti cha mgeni. Akacheka akaenda zake, lakini aligeuka kulitazama tena.

Sijamruhusu mtu kukaa kwenye kigoda, kama ulivyosema. Nimekitundika juu ukutani, hata mimi sikikalii nikimenya ndizi.

Mwanao anayekungoja,
Eustakia

*

OFISI YA MAKAMU MKUU WA CHUO
4 Novemba 2021

Ndugu Eustakia Juvenali,

YAH: SALAMU NA TAARIFA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Rejea barua zako zilizopokelewa katika ofisi hii kwa nyakati tofauti. Napenda kukutaarifu kwamba kufuatia kustaafu kwa Makamu Mkuu wa Chuo, nimeteuliwa kukaimu nafasi hiyo hadi hapo Baraza litakapokamilisha mchakato. Kutokana na majukumu hayo, safari yangu ya Ngara imesogezwa mbele. Utajulishwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Prof. I. Nzeyimana
Kaimu Makamu Mkuu wa Chuo

(Mwanangu, hapa chini ni mkono wangu. Nilimwambia katibu muhtasi aandike salamu nyumbani, naye hajui kuandika kwa namna nyingine. Nimeisaini pamoja na nyingine, nikaona jina lako baadaye. Nivumilie kidogo. Nikithibitishwa nitakuwa mkubwa wa ratiba yangu mwenyewe. Mbusu mtoto.)

*

Keza, 10 Januari 2022

Baba Mdogo,

Shikamoo, na pole na hongera kwa pamoja. Sisi tunasukuma siku.

Barua yako ilikuwa na mhuri. Bibi alipouona akasema hiyo ni ya serikali, akaingia ndani kuvaa kitenge cha kanisani, akakaa wima, ndipo akaniruhusu nisome. Nilipofika "husika na kichwa cha habari" akauliza, "Kichwa cha nani kina habari?" Tumecheka sana. Lakini nilipomaliza akasema, "Kwa hiyo mwanangu ameshika kiti cha mtu."

Habari ikafika kwa Faustini. Siku ya pili yake alimkuta mtoto anacheza njiani akamwambia, "Hujambo, Kaimu. Wewe na babu yako mnashikia nafasi, wenyewe wakija mtaondoka." Alikuwa anatania, au alitaka nijue anatania. Watoto wakalidaka. Sasa kijiji kizima kinamwita Kaimu, naye anaitika. Nilikasirika mwanzoni. Sasa nami namwita hivyo, maana kumwita "wewe" kila siku kunaniuma zaidi. Najisemea ni la muda.

Desemba nilikwenda Biharamulo kumpeleka Bibi hospitali. Karibu na boma la Wajerumani kuna duka la kupiga kopi, na kijana wa dukani alikuwa na kompyuta. Nikamwambia baba yangu mdogo ndiye anayefundisha hizo. Hakuamini. Nilipokutaja akasimama, akatoa barua ya mdogo wake ya kuchaguliwa chuo, sahihi yako iko chini. Niliigusa. Nikafikiri, watoto wote hao majina yao yanapita mkononi mwake. Sisemi kwa ubaya. Nilijivuna hata nikasahau kununua chumvi.

Kuna habari nyingine, nimeiacha mwisho kwa kuogopa. Shina lako limeshikwa na mnyauko. Majani yamekuwa ya njano, ukikata ndizi ndani ni kahawia. Bwana shamba anasema ling'olewe lote na ardhi ipumzike, la sivyo litaambukiza shamba zima. Bibi hataki mpaka wewe useme.

Mwanao,
Eustakia

*

Chuoni, 22 Aprili 2022

Eustakia,

Naandika kwa haraka. Ling'oeni. Ugonjwa ni ugonjwa, msiwaponze wengine kwa ajili yangu. Nikija nitapanda jipya siku moja na la mtoto.

Hilo jina la Kaimu lisizoeleke. Katika kazi yangu ya zamani ya programu tuliweka jina la muda mahali ambapo la kweli lilikuwa halijapatikana, tukisema tutabadilisha kesho. Kesho hiyo niliiona mara chache.

Usaili wangu wa kuthibitishwa umesogezwa tena.

B. Mdogo

*

Keza, 17 Septemba 2023

Baba Mdogo,

Shikamoo, na pole tena na msiba. Natumaini ulifika salama na umepata usingizi. Nyumba imekuwa kubwa bila Bibi. Nikipika bado napima chakula chake.

Nimengoja moyo utulie ndipo nikuandikie.

Ulifika asubuhi ya maziko na gari la chuo. Watu walifurahi kukuona, walisema umezeeka vizuri. Dereva hakuzima gari. Nililisikia likinguruma nyuma ya nyimbo mpaka tunafukia kaburi. Kisha ulimchukua Kaimu ukambeba. Akakuvua miwani, ukacheka huku unalia. Mimi nilikuwa naangalia mdomo wako tu. Nikasema sasa atalitamka. Wazee wakakukumbusha kwamba nyumba yenye msiba haimpi mtu jina. Ukasema utarudi siku ya kuanua matanga.

Siku hiyo tulikuwekea sahani.

Baada ya kula, Faustini alisimama mbele ya wazee. Hakupayuka, alisema kwa upole kabisa. Alisema mkubwa wa nyumba hayupo, na hajakuwepo. Akasema mimi nina shina langu, hawezi kunigusa. Lakini mtoto asiye na shina ni mgeni, na mgeni harithi kibanja cha ukoo. Nikiolewa au nikifa, ardhi itarudi kwake. Mzee mmoja akamjibu, "Mtoto si ana babu?" Faustini akasema, "Ana Kaimu." Watu wakacheka, Baba Mdogo, hata waliotupenda.

Hili sikuwahi kukuambia wazi. Nilidhani unalijua, nawe nadhani ulidhani ni sherehe tu, kunywa rubisi na kupiga picha. Jina ndilo mahali pake pa kusimama. Hana pengine.

Januari anaanza darasa la awali. Mwalimu anataka jina la kwenye cheti. Nimemwomba anivumilie hadi Krismasi. Njoo siku moja tu. Dereva asizime gari kama haiwezekani. Au kama huwezi kabisa, waandikie wazee kwamba Faustini asisikilizwe, au kwamba akae mwingine kwenye kigoda, nami nitakubali. Ila sema neno.

Mwanao,
Eustakia

*

Lusahunga, 8 Juni 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi mzima, na mtoto mzima.

Utaona nimeandika kutoka Lusahunga. Barua hii Protasi ataipokea bila mimi kupanda boda. Sasa kibanda chake nakiona nikisimama mlangoni.

Krismasi ilipita, na barua haikuja. Sikukuandikia tena kwa sababu sikujua niandike nini ambacho sijaandika. Januari mtoto alikwenda shule, mwalimu akamwita kwenye orodha, "Kaimu", watoto wakacheka, akarudi nyumbani akaniuliza, "Mama, mimi nashikia nafasi ya nani?"

Nilikuwa nimefahamiana na kijana anaitwa William Shibuda. Anaziba matairi ya malori hapa njia panda ya Rusumo. Kwao walitoka Shinyanga zamani na ng'ombe, sasa wako Biharamulo, wanalima na kufuga. Alikuja Keza kutoa posa kama inavyotakiwa. Hakukuwa na wa kumpokea ila Faustini, akapokea, na nitasema kweli, alipokea kwa heshima.

Mara ya kwanza nilifika kwao na mtoto mgongoni. Mama mkwe wangu, Yuster, akamshusha akampa maziwa. Mzee Shibuda akauliza, "Anaitwa nani?" Nikamweleza yote, huku naona aibu. Akavuta ugoro, akasema, "Mama yangu aliitwa Minza, na hakuna mjukuu aliyechukua jina lake. Huyu atanisaidia." Basi. Hakuvaa koti wala hakuita watu. Ng'ombe walikuwa wanaingia zizini. Niliposikia jina lile nililia mpaka Yuster akadhani nimeumwa na nge.

Cheti kimetoka. Anaitwa Minza William.

Sikukaidi neno lako, Baba Mdogo. Kwenye kigoda chetu hajakaa mtu. Bado kiko ukutani. Nyumba nimeifunga, ufunguo uko kwa jirani yetu Hakizimana.

Mwanao,
Eustakia

*

Keza, 11 Julai 2025

Mwanangu Eustakia,

Marahaba, ingawa umenisalimia mwaka mzima uliopita nami naitikia leo. Nitafurahi kusikia mko salama, wewe na mumeo na Minza.

Nimestaafu. Kiti kile Baraza limempa mwingine, mama mmoja niliyemfundisha mwenyewe kuandika programu yake ya kwanza. Nilimpigia makofi na yalikuwa ya kweli. Mwezi uleule walizima programu yangu, ile ya kupanga wanafunzi, wakaweka mpya. Mafundi walifanya hivyo siku ya mapumziko. Nilikuta imeshazimwa. Nilitaka kumuuliza mtu kama iliwasumbua, nikakosa wa kumuuliza.

Ile barua yako ya baada ya msiba niliisoma ndani ya gari, nikaikunja. Jibu lake lilikuwa safari, si karatasi, na safari nilikuwa naiweka baada ya usaili, na usaili ulikuwa unasogezwa. Hata mistari miwili kwa wazee sikuiandika. Niliona nikiiandika nitakuwa nimekubali kwamba siji. Na ya Lusahunga ilipofika sikuwa na uso wa kukujibu.

Nimekuja kwa basi hadi Ngara, kisha boda. Kijana wa boda aliniuliza, "Mzee, Keza unakwenda kwa nani?" Nikataja nyumba yetu. Akasema, "Pale hakuna mtu." Hakizimana akanipa ufunguo. Nikashusha kigoda ukutani, kina vumbi na utando wa buibui, nikakiweka mlangoni nikakaa. Nikalitamka lile jina. Sijui kwa nini, nilikuwa nimelibeba muda mrefu. Iradukunda. Yaani Mungu anatupenda. Faustini alikuwa anapita na jembe, akasimama. Akasema, "Profesa, umefungua ofisi?" Nikamwambia karibu. Alikaa chini kwenye nyasi, hakutaka kigoda. Tuliongea habari za mahindi.

Mahali pa shina langu kuna majani tu. Lile shimo la mtoto limefukiwa na mvua, lakini ukikanyaga unalijua, mguu unazama kidogo.

Siombi chochote kibadilishwe. Mzee Shibuda alifanya kilichokuwa changu, mpe shikamoo yangu kama ananizidi umri, na kama hanizidi mpe hivyohivyo. Ninauliza tu kama naweza kumwona. Hapa nipo. Sina kikao.

Baba Mdogo

*

Lusahunga, 15 Julai 2025

Baba Mdogo,

Shikamoo. Barua yako nimeipata kwa kijana wa boda uliyempa, amekusifia kwamba hukuongea kwa simu njia nzima. Pole na upweke wa nyumba. Ukitafuta kisu cha kumenyea, Bibi alikuwa anakichomeka kwenye paa, juu ya jiko.

Nimeisoma barua mara ya kwanza nikakasirika. Nimeisoma tena jikoni nikaona nakupikia kichwani. Laiti ungeliandika lile neno kwa wazee. Ningekuwa Keza. Lakini ningekuwa Keza nisingempata William, na sitaki kuishi bila yeye, kwa hiyo hata kusikitika kwangu hakunyooki.

Jina ulilolitunza ni zuri. Mtoto anayo nyumba nyingine sasa, na Minza ni Minza. Halitabadilika, naona umeshaelewa.

Tutakuja Jumamosi, mimi na yeye. William atatuleta na pikipiki akitoka kazini jioni. Mama mkwe Yuster ametupatia chipukizi la mgomba kutoka shambani kwake, huko mnyauko haujafika. Nimemuuliza bwana shamba kama ardhi ya pale imepumzika vya kutosha, amesema sasa panafaa. Chimbua lile shimo, lisiwe la kina sana, mtoto atataka kushika jembe mwenyewe. Si la kwake. Yeye shina lake liko Biharamulo. Hili ni la shina lako lililong'olewa. Haifai mtu wa nyumba kukaa bila shina.

Ameniuliza tunakwenda kumwona nani. Nimesema babu. Akauliza, "Anaitwa nani?" Nilitaka kusema Profesa, nikaona hilo ni la ofisini. Nikataka kusema Kaimu, nikaona nitamchanganya. Nimemwambia atakuuliza mwenyewe.

Kwa hiyo ukisikia pikipiki toa kigoda mlangoni ukae. Atakuja na chipukizi mkononi, hakubali mtu amshikie. Akikuuliza jina lako mwambie polepole, ndilo atakalolitamka akilipanda.

Mwanao,
Eustakia